Kodi ya Kasongo, Kodi ya Kabambare

Mafuta ya mawese ya Mwavita yalimwagikia kanzu mpya katikati ya soko la Kasongo. Mwenye kuzibeba, kijana mrefu aitwaye Bulaimu, alicheka.

"Dada, hizi kanzu ziko za kuuzwa, haziko za kupikwa!"

"Na wewe ulikuwa unaangalia wapi?"

"Nilikuwa nakuangalia wewe."

Mwavita alizifua mwenyewe, kilemba chake cha buluu kikilowa maji na uso ukimwaka kwa haya. Tangu hapo, kila Bulaimu alipokuja alipita kwao. Alishonea nyumbani kwake Kabambare, lakini tajiri aliyempa vitambaa na mshahara alikuwa Kasongo. "Fundi wangu wa mbali," Mwavita alimtania. Wazee wakakubaliana mahari.

Siku moja Bulaimu aliinama kunywa maji, medali mbili za kodi zikaning'inia shingoni. Enzi hiyo ya wakoloni, mwanaume aliyelipa kodi alivaa moja. Mwenye wake wawili alimlipia mke wa pili, akavaa na medali ya pili.

"Hii ingine iko ya nani?"

"Ya Kasongo, mupenzi. Kule Kabambare nalipa, na hapa nalipa."

"Mutu mumoja, kodi mbili? Sema jina la bibi yako!"

Akafunga mlango. Masika yote hakutaka kumwona, na usingizi ulimpaa.

Kiangazi askari walimkamata Bulaimu sokoni. Mwavita aliwafuata hadi kwa karani wa kodi, akasimama nyuma ya watu.

"Ninalala Kabambare, nimelipa kule," Bulaimu alisema. "Mwaka jana nililipa pote pawili. Sasa sina."

"Anayekulipa iko hapa," karani alijibu. "Lipa, hamia hapa, ao acha kazi yake. Bibi wangapi?"

"Hata mumoja. Niliyemutaka alinifukuza."

Mwavita alitoka, akamngojea nje.

Bulaimu aliacha kazi. Kuhama hakuweza: mama yake kipofu kule Kabambare hakuwa na mwingine wa kumtunza. Alipotoka, Mwavita alimshika mkono.

"Nisamehe. Nilikuhukumu bure."

"Sasa sina mshahara, Mwavita. Nitashonea watu wa kijiji tu."

"Na mama yako, nani anamupikia?"

"Mimi. Vibaya sana."

Mwavita alicheka, machozi yakimtoka. "Basi twende kwa baba. Mwambie unanioa, unanipeleka Kabambare."

Baba alisikiliza yote, kisha akauliza:

"Njia ya kule iko na simba?"

"Iko nao, baba," alisema Bulaimu.

Mzee alimtazama binti yake, kisha mkwe wake.

"Basi mtaondoka asubuhi. Na mtaenda pamoja na watu."