Injini ya Makokha

Nyinyi watoto hamna adabu. Mnakunywa chai yangu, mnamaliza mandazi yangu, halafu mnaniambia, "Shosho, hebu tupe ile ya Datsun," kana kwamba ni hadithi ya sungura na fisi. Siipendi hadithi hiyo. Kila nikiisema kifua kinanibana, na mimi sijawahi kuugua kifua. Lakini nikiwanyima mtaenda kuitafuta kwa Carolyne wa kibandani, naye huongeza chumvi hata panapotakiwa sukari. Haya, kaeni. Na mlango usifungwe.

Kulikuwa na Wakoli, mtu wa Buruburu. Mfupi, mdomo redio isiyozimwa. Ndiye aliyekuwa akishika maikrofoni kwenye harusi na matanga ya watu wa kwao, na akianza kusema hata mfiwa anacheka. Alijivunia sauti yake kuliko mwanamke anavyojivunia nywele. Kaka yake mkubwa, Makokha, alikuwa kinyume chake: mrefu, mpole, tena mgonjwa wa pumu. Walichofanana ni kimoja tu, kupenda vile vigari vya Kijapani vya enzi za ujana wangu. Makokha alikuwa na Datsun ya manjano, nzima. Ya Wakoli ilikuwa ya buluu, na injini aliiua mwenyewe kwa kuiendesha bila maji mpaka bloku ikapasuka.

Asubuhi moja ya kawaida, jua limetoka vizuri, Makokha alikwama kwenye msongamano wa Jogoo Road. Pumu ikamshika hapohapo. Watu walipofungua mlango walimkuta amelalia usukani, na injini bado inanguruma polepole. Hakuna aliyeizima. Walipomshusha, ikajizima yenyewe.

Akazikwa kwao, upande wa Chwele. Mama yao, Kezia, mwanamke asiyeona, alipapasa jeneza kutoka kichwani hadi miguuni, kisha akasema, "Mwili umefika. Mwenyewe hajafika."

Maana kwao, mtu akikatikia njiani, ndugu yake lazima aende pale pumzi ilipomtokea, amwite kwa jina, amsindikize mpaka nyumbani akimtajia kila mto wanaovuka. Mfu asiyetajiwa mto hubaki ng'ambo. Na kabla hajaitwa, kisitolewe kitu mle alimofia, hata msumari. Kazi hiyo ikamwangukia Wakoli. "Sitalala mpaka umlete," Kezia akamwambia. Naye Millicent, mjane wa Makokha, akaliegesha gari la manjano kwa fundi hapa nyuma ya nyumba zetu, Shauri Moyo, akalifunika turubai, akangoja.

Wakoli akarudi mjini. Kazi, harusi, maikrofoni. Kezia akipiga simu anauliza neno moja tu, "Umemwita?" "Bado, Mama. Mwezi ujao." Mwezi ujao ukawa na mwezi ujao wake.

Kisha akasikia wenye magari ya kale wanaandaa maonyesho yao. Huyo, mbio, kwa Ndeti. Ndeti ni yule fundi wa kike mnayemwona hapo nyuma, mwenye mikono kama koleo. Nilikuwa naanika nguo, niliwasikia vizuri.

"Fundi, nitafutie moyo mwingine wa hii ya buluu."

"Ya kwako imekufa, hiyo tusiizungumze," Ndeti akasema. "Nuradin wa Eastleigh ana ya Toyota, imetoka Japani juzi. Ina nguvu. Lakini ni kubwa, itabidi nikate vyuma, nibadilishe gea boksi. Utakuwa na mbuzi mwenye kichwa cha ng'ombe."

"Maonyesho ni wiki ijayo!"

"Basi ngojea ya mwakani."

Wakoli akageuka. Macho yakaenda kwenye turubai.

"Ile," akasema. "Ile ni Datsun kwa Datsun. Inaingia kama mguu kwenye kiatu chake."

Ndeti akaweka spana chini. "Ulimwita kaka yako?"

"Nilimwita."

"Wakoli. Mimi ni Mkamba, haya si ya kwetu, lakini nayaogopa. Ulimwita?"

"Fundi, we vipi? Nilimwita kwa sauti hii hii yangu. Amefika, amepumzika."

Na ili uwongo upate ndugu, akampigia mama yake palepale. "Mama, nimemwita. Lala sasa." Kezia alikata simu. Nguo zangu zilikuwa zimekauka, lakini sikuzianua.

Injini ikahamishwa. Siku ya kuiwasha, mchana kweupe, ilikohoa. Si kukohoa kwa chuma. Ilikohoa, ikavuta pumzi kwa filimbi nyembamba, ikakohoa tena.

"Kabureta," Wakoli akasema, akicheka.

Ndeti akairekebisha kabureta. Filimbi ikabaki.

Kwenye maonyesho Wakoli alisifiwa, akarudi kifua mbele. Lakini kesho yake alipoingia garini, miguu haikufika kwenye pedali. Kiti kilikuwa kimerudishwa nyuma kabisa. Akakivuta mbele. Jioni, kiko nyuma tena. Alimgombeza mkewe, aligombeza majirani, akabadilisha kufuli. Asubuhi, nyuma. Pale ambapo mtu mrefu angekaa kwa raha.

Halafu ikawa hivi. Kila akipita Jogoo Road, gari linazima. Mahali palepale. Msongamano uwepo, usiwepo. Linazima, linakaa kidogo, na vioo vinaingia ukungu kwa ndani. Juani. Kama kuna mtu anayehema.

Akaja kwa Ndeti na jasho limemlowesha. "Fungua. Angalia. Kuna kitu kimeziba."

Ndeti akafungua boneti. Akafungua kile kikopo cha kuchujia hewa. Akatazama ndani. Akarudi nyuma hatua, akajifuta mikono kwenye ovaroli. Akajifuta tena.

Mle ndani palikuwa na pampu ya kuvuta dawa ya pumu. Ya buluu. Imeumwaumwa pale mdomoni, kama alivyokuwa akiiuma Makokha akiwaza.

Wakamwita Millicent. Alikuja kwa miguu kutoka soko la Gikomba, mkoba begani. Akaishika ile pampu. Ikamdondoka.

"Ina joto," akanong'ona.

"Ni ya nani, shemeji?" Wakoli akauliza. Kama hajui.

"Niliiweka mwenyewe kwenye jeneza. Kwenye mfuko wa koti. Nikafunga kifungo." Akamtazama. "Shemeji. Ulimwita?"

Wakoli akafungua mdomo. Nilikuwa mlangoni pangu, naapa. Uwongo ulikuwa tayari ulimini.

Injini ikawaka.

Ufunguo ulikuwa mkononi mwa Ndeti. Betri ilikuwa chini, kwenye vumbi, ameitoa. Injini ikawaka, ikakohoa, ikavuta pumzi. Ikavuta. Ikavuta. Haikutoa.

"Sikumwita!" Wakoli akapiga yowe. "Sikumwita! Kaka, nisamehe!"

Ikatoa pumzi. Ikazima.

Ndeti aliing'oa ile injini siku hiyo hiyo, peke yake, meno ameuma. Alfajiri iliyofuata ilikuwa nyuma ya pikapu, imefungwa kamba kama fahali, Millicent kando ya dereva, Wakoli nyuma ameikalia karibu. Yaliyotokea njiani aliniambia Millicent, na Millicent si mtu wa kutia nakshi.

Walipitia kwanza Jogoo Road. Pale pale. Wakoli akasema, "Makokha, mwana wa Kezia, inuka twende nyumbani." Pikapu ikainama nyuma, kama mtu mzito amepanda.

Walipofika mto Malewa akasema, "Kaka, huu ni Malewa, tunavuka." Akavuka na sauti imekwaruza. Akadhani ni vumbi.

Walipofika Sosiani akasema, "Kaka, huu ni Sosiani." Ilitoka kama ya mzee. Millicent akageuka, akamwona ameshika koo kwa mikono miwili. Akampa maji. Maji hayakusaidia. Wakoli akaelewa. Millicent anasema aliona kabisa uso wake ukielewa.

Kipkarren ulipokaribia, alifunga mdomo. Akatikisa kichwa. Hapana. Sauti ile ndiyo iliyokuwa mtu mwenyewe. Akiitoa atabaki nani?

Injini ikakohoa.

Imefungwa kamba, haina mafuta, haina waya hata mmoja. Ikavuta pumzi kwa filimbi. Ikavuta. Dereva akaanza kulia na huku anaendesha. Daraja likaonekana. Ikavuta.

"Kipkarren," Wakoli akanong'ona. "Kaka. Tunavuka."

Kwenye Nzoia hakubakiwa hata na mnong'ono, ila uzi. Aliinamisha kichwa mpaka midomo ikagusa chuma. Millicent aliona midomo ikitikisika. Alichosema pale anakijua Makokha.

Jua likielekea kuzama wakafika Chwele. Kezia alikuwa ameketi nje, amevaa nguo yake nzuri, na hakuna aliyekuwa amempigia simu. "Karibu, mwanangu," akasema, uso ameuelekeza kwenye pikapu. "Umechelewa."

Injini iliwekwa kando ya kaburi. Ipo. Wanasema umande hauigusi, na asubuhi za baridi kuku hulala juu yake.

Datsun ya buluu bado iko hapa nyuma, tumbo tupu. Nuradin alituma watu na ile injini ya Toyota, wapewe kazi waifunge. Ndeti akawafukuza kwa spana.

Na Wakoli? Ameenda kwa madaktari, wamemulika koo, wanasema ni zima. Maikrofoni imeshikwa na mwingine. Haya angeyavumilia. Lakini Kezia bado humpigia simu, kila Jumapili baada ya kanisa. Wakoli hupokea, kwa sababu ni mama. Neno halimtoki. Kinachofika kule upande wa pili ni pumzi tu, na siku hizi pumzi yake ina filimbi nyembamba.

Kezia husikiliza. Halafu hucheka kwa furaha, hata macho yake yale yasiyoona.

"Makokha," humwambia. "Mwanangu, ni wewe. Yule mdogo wako mwongo yuko wapi?"

Wakoli hufungua mdomo, na filimbi ndiyo humjibia.