Maiki Ikazimwa

Walijuana kwa kelele. Msichana alikuwa mlangoni mwa duka la viatu, gauni la njano limemkaa barabara, maiki mkononi, akiwaita wapita njia. Spika nayo ikipiga mluzi mpaka watu wanaziba masikio. Kijana mmoja mwenye begi la nyaya akasimama.

"Dada, ukisimama mbele ya spika na hiyo maiki, itakulilia mpaka jioni."

"Na wewe nani, daktari wa spika?"

"Fundi."

"Haya, Fundi, tibu."

Akatibu. Kesho yake akarudi kumjulia hali mgonjwa, ingawa spika ilikuwa nzima kabisa. Mwisho wa yote wakaoana, akawa anamwita mkewe Sauti. Kanisani kwao Sauti aliongoza kwaya, na Fundi alikaa nyuma kwenye mitambo.

Kisha uvimbe ukaonekana kwenye titi. Daktari hakuzunguka: ni saratani, imeshafika kwapani, dawa za dripu zianze mara moja. Kupona hakuahidi, aliahidi kujaribu. Sauti alimsikiliza kama anayepewa habari za jirani, na walipofika nyumbani akavua viatu na kusema, "Nimeombewa, mume wangu. Nimepona. Nikienda kwenye dripu nitakuwa nimemwambia Mungu simwamini."

"Na huyo daktari kaumbwa na nani?"

"Usinibishie imani yangu."

"Sibishi, mpenzi. Naomba mpaka magoti yanakufa ganzi. Lakini uvimbe nikiugusa, upo."

Jumapili, kesho yake ikiwa ndiyo siku ya dripu ya kwanza, Sauti alisimama kutoa ushuhuda. Alivaa gauni lilelile la njano, ila sasa lilimpwaya mabegani.

"Ndugu zangu, Bwana ameniponya. Na hospitali mimi..."

Fundi alimjua mkewe. Neno lake likishatoka hadharani, huyo harudi nyuma hata umbembeleze vipi. Mkono ukaenda wenyewe, akaizima maiki.

Sauti akatupa macho kule nyuma kwenye mitambo. Siku zote mitambo ikigoma, Fundi huruka kama kaumwa na siafu. Safari hii alikaa tu, kichwa kainamisha, na mkewe akaelewa. Aliweka maiki chini, akatoka, akaenda kwa dada yake bila hata mkoba.

Fundi alipiga simu mchana kutwa. Mara shemeji anapokea, mara haipokelewi. Mwishowe akasikia pumzi anayoijua.

"Umenidhalilisha mbele za watu."

"Nimekosa, wangu. Sikuwa na haki."

"Sasa kwa nini?"

"Naogopa. Naogopa kubaki peke yangu ndani ya ile nyumba, hakuna anayenigombeza."

"Na mimi je, unadhani siogopi?" Sauti akasema. "Nilipaza sauti ili nisiusikie woga wangu."

"Basi tuogope wote wawili. Mungu hatatufukuza kwa hilo."

"Nakuja ibada ya jioni. Kaniwashie maiki, na ole wako."

Jioni alisimama palepale. Aliigonga maiki kwa kidole, ikaitika.

"Asubuhi nilitaka kuwaambia hospitali siendi. Nilikuwa najificha nyuma ya imani. Kama nimepona sijui. Ninachojua, Mungu yuko nami, na kesho naenda kwenye dripu. Mniombee. Mwombeeni na fundi mitambo, maana ana kiherehere."

Watu wakacheka huku wanajifuta macho. Sauti akaanza wimbo, na katikati ya ubeti akashindwa. Fundi alikuwa na kawaida yake: mwimbaji akikwama, humshusha sauti taratibu asiaibike. Jioni hiyo aliiacha maiki juu, kanisa zima likamsikia mkewe akilia.