Mikrofoni Iliyobaki kwenye Blauzi ya Mama Agnès

"Zima ile kintu, Chance."

Mama Agnès alisema hivyo akiwa amesimama katikati ya ukumbi, amevaa kitenge kipya alichojishonea kwa ajili ya siku hiyo... siku ya filamu yangu.

Nilikuwa nimekaa kwenye kompyuta. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Sikubonyeza.

Kwenye skrini kulikuwa na mlango uliofungwa, basi. Lakini sauti zilizotoka nyuma ya huo mlango, watu themanini walizisikia.

"Anza tena," sauti ya mume wake ilisema. "Mustari ya kwanza. Ndugu zangu..."

"Ndugu zangu..." Mama Agnès akarudia, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Jamani, kabla hamjanitukana kwenye komenti, ngojeni niwaeleze. Halafu mnitukane, maana nastahili.

Mimi ni mwanafunzi wa antropolojia hapa chuo kikuu, Kasapa, Lubumbashi. Mwaka huu tulijifunza kuchunguza maisha ya watu kwa kamera, na kila mmoja alitakiwa kutengeneza filamu yake. Assistant Gérard anayetufundisha ana wimbo wake mmoja.

"Kamera iko mugeni mu nyumba ya bantu. Mugeni hafungue sanduku."

Na sheria zake ni mbili. Mwenye maisha asaini karatasi ya kukubali, na awe wa kwanza kuiona filamu, kabla ya jicho lingine lolote.

Nilimchagua Mama Agnès, msomaji wa parokia yetu. Miaka ishirini na miwili anasoma masomo ya Misa. Mume wake, Papa Symphorien, alikuwa fundi wa reli kabla ya kustaafu. Watu husema hakuna anayesoma kama Mama Agnès, kwa sababu haangalii kitabu. Anaangalia watu.

Mnaona? Mimi sikuona.

Siku ya kwanza nilimpa ile karatasi. Akavaa miwani, akaishika muda mrefu, midomo ikichezacheza, akasaini. Nilitakiwa kumsomea kwanza. Lakini jua lilikuwa linashuka, nami nilikuwa na haraka ya kupata mwanga mzuri.

Jumamosi moja nilimbandika kimikrofoni kwenye blauzi, tukawa tunaongea uani. Mara Papa Symphorien akamwita ndani. Akaenda nacho, mlango ukafungwa. Mimi nikabaki na kamera, casque ya kusikilizia ikiwa masikioni.

Papa alisoma mstari wa somo la Jumapili, Mama akarudia. Akasoma mwingine, akarudia. Alipokosea walicheka pamoja, taratibu, kama watu wenye jambo lao la miaka mingi.

Mama Agnès hajui kusoma.

Ningeweza kuvua casque. Ningeweza kuita, "Mama, mikrofoni." Badala yake nikaielekeza kamera kwenye mlango, nikarekodi dakika kumi na moja.

Na ukweli wenyewe ni huu, unaoninyima usingizi mpaka leo. Dakika ileile nilielewa kwamba saini yake haikuwa na maana. Alisaini asichokijua. Nikanyamaza, kwa sababu nilishajua kwamba nimepata filamu ya kuwashinda wenzangu wote.

Alinipigia simu mara tatu.

"Mutoto yangu, filamu iliisha?"

"Bado kidogo, Mama. Utaiona siku yenyewe."

"Bon, nitaleta bantu ya parokia. Baone tuko na mutoto wa akili."

Aliwaalika mwenyewe! Na Gérard aliponiuliza kama Mama ameshaiona filamu, nilimjibu ndiyo bila hata kupepesa macho.

Basi siku ile ukumbini, aliyezima ni Gérard, si mimi.

"Ile karatasi nilisaini iko wapi?" Mama akauliza.

Gérard akaitoa kwenye faili, akaniwekea mkononi.

"Nisomee," Mama akaniambia. "Ile siku haukunisomea."

Nikasoma. "Nitaiona filamu kabla ya mtu mwingine. Kipande nisichokitaka kitatolewa. Naweza kukataa bila kueleza sababu."

"Anza tena. Mustari ya kwanza."

Mara tatu alinirudisha mwanzo. Halafu akawageukia watu, akanyoosha mgongo kama afanyavyo Jumapili, akaisema karatasi yote, neno kwa neno, macho yake kwa watu.

Alipofika mwisho akaongeza lake moja.

"Nakataa."

Papa Symphorien akamshika mkono, wakatoka.

Nilimkimbilia Mama Hortense, kiongozi wa kwaya, machozi yananitoka.

"Mama, sikutaka mujue vile..."

"Tujue nini? Shiye tulijua tangu zamani. Siku moja alishika kitabu juu chini, na akasoma muzuri. Tulinyamaza. Bote."

"Kumbe hamukushangaa?"

"Tunakushangaa weye."

Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite. Parokia nzima ilifunika kombe miaka ishirini na miwili. Mwanaharamu nilikuwa mimi, na badala ya kupita nikafunua.

Ile sauti niliifuta mbele ya Gérard. Mwaka ninaurudia, na sina wa kumlaumu. Mara mbili nimeenda kwao kuomba msamaha. Papa Symphorien alinipa kiti, akanipa maji, akaniambia Mama amelala. Mara zote mbili nilisikia cherehani ya Mama ikilia chumbani.

Wewe unayenisoma, simu uliyoshika ni kamera pia. Si kila ulichokisikia ulipewa. Kuna siri ambazo kila mtu anazijua na bado ni siri, kwa sababu watu wanapendana. Ukizikuta, vua casque.

Jumapili iliyopita, mahali pa Mama Agnès, alisoma kijana anaitwa Mardochée. Hakukosea hata neno moja, macho kwenye kitabu mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa benchi la nyuma kabisa, na sikuona mtu aliyeinua kichwa kumsikiliza.