Bomba la Kugusa

Rafiki yangu mmoja, fundi cherehani, si mtu wa kuzusha mambo. Mkewe alilipenda sana bomba lao la jikoni, lile la betri, unaligusa tu maji yanatoka. Akikanda unga aliligusa kwa mgongo wa mkono, na kila mara donge lilibaki limeganda shingoni mwa bomba. Mumewe alipangusa huku akinung'unika, "Mama, umelilisha tena bomba!"

Mkewe akafariki. Unga uliobaki ndani rafiki yangu akawagawia majirani, na hakununua mwingine. Kisha bomba likaanza kutoa maji lenyewe. Akamwita fundi bomba.

"Mzee, hili ni zima kabisa. Halifunguki mpaka liguswe."

Rafiki yangu akachomoa betri, akazitia mfukoni.

Jioni hiyo umeme ukakatika. Amekaa sebuleni peke yake, gizani, akasikia maji yakitiririka jikoni, halafu yakanyamaza, kama mtu aliyemaliza kunawa. Akaenda akipapasa ukuta, betri zikigongana mfukoni.

"Mama?" akaita, akajionea haya.

Akanyoosha mkono alishike bomba, na vidole vyake vikazama kwenye unga uliokandwa, laini, bado una vuguvugu.