Ukurasa wa Mzee Kuria

Mimi si mtu wa kuogopaogopa. Ningekuwa mwoga nisingefungua saiba, duka la kompyuta, hapa Sotik, ambapo nusu ya kazi ni kuchapisha programu za mazishi, vile vijitabu vya picha na ratiba. Sura za marehemu nimezizoea kuliko za wateja. Kwa hivyo haya ninayokuambia kuhusu Aunti Phelis, dada mdogo wa mama yangu, usiseme Judy amechanganyikiwa.

Alikuja Jumatano, saa saba mchana, na kiondo mkononi. Ndani alikuwa na diski ya kompyuta ya zamani, nzito, imefungwa kwa leso. Aliiomba kwa Tabby, mjane wa Mzee Kuria. Huyo Kuria ndiye aliyechapisha programu za mazishi za mji huu miaka mingi kabla yangu, mpaka alipofariki mwaka juzi.

"Judy mwanangu, picha ya Joab imo humu," akasema. "Ile ya programu yake. Zingine zote ziliungua na nyumba."

Joab alikuwa mumewe. Alifariki wakati Lynn, mtoto wao wa pekee, bado yuko tumboni. Sasa Lynn alikuwa anaolewa Jumamosi hiyo na Kipkemoi wa Boito, na hajawahi kuuona uso wa babake hata siku moja. Aunti alitaka picha hiyo iwekwe kwenye meza ya maharusi. Basi. Ni kitu kikubwa hicho?

Diski za zamani haziingii kwenye laptop za siku hizi hivi hivi. Zinataka adapta, na zinataka umeme wao wenyewe. Nikaunganisha waya, nikawasha. Ikagonga mara mbili, tak, tak, halafu ikaanza kuzunguka. Folda moja tu ikajitokeza: MAZISHI.

Mzee Kuria alikuwa na tabia ambayo sisi wote wa kazi hii tunayo. Hafungui ukurasa mpya. Anachukua programu ya marehemu wa mwisho, anafuta jina, anaandika la mwingine, anahifadhi. Faili ya Joab niliipata upesi. Jina lilikuwepo, na maua ya zambarau pembeni yalikuwepo. Lakini mahali pa picha palikuwa na viti viwili vyeupe, vitupu.

"Picha imeharibika kidogo," nikamwambia. "Acha niitafute kwenye mafaili yaliyofutwa."

Laptop ikaendelea kutafuta. Na hapa ndipo nilipokosea, na sijajisamehe. Aunti alitaka pia programu ya harusi, na yale maua yalikuwa mazuri. Nikafanya tunavyofanya siku zote. Nikafuta jina la Joab, nikaandika Lynn Kemunto Nyamwange. Nikahifadhi.

Mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati. Stima ikapotea mji mzima. Laptop ilibaki kwenye betri yake, sawa. Diski haina betri.

Diski haikusimama.

Nikachomoa waya. Ikazidi kuzunguka. Kwenye skrini, chini ya jina la Lynn, herufi zilikuwa zinajiandika moja moja. Alizaliwa: tarehe yake kamili, ambayo mimi hata siikumbuki. Alilala, tunavyoandika siku ya kufa: Jumapili. Jumapili hii inayokuja.

"Futa," Aunti akanong'ona.

Nikafuta jina. Likarudi. Nikafuta faili yote. Ikarudi. Nikaacha pengo tupu. Jina la Lynn likajaa lenyewe. Woi! Na kile kiti cha kulia sasa kilikuwa na kitu juu yake. Shela ya bibi harusi, imekunjwa vizuri.

"Jina la Joab lilitokaje hapo?" Aunti akauliza polepole.

"Nililifuta nikaandika la Lynn. Nisamehe, Aunti."

"Kwa hivyo linatoka likiandikwa lingine."

Hakuwa ananiuliza. Akavuta laptop kwake. Aunti huandika kwa kidole kimoja. P. H. E. Nikamshika mkono. Akanitazama tu, na mimi nikauachilia. Naona aibu kusema, lakini niliuachilia.

Alipomaliza, diski ikanyamaza. Stima ikarudi. Kwenye kiti cha kushoto alikuwa ameketi kijana wa suti ya kahawia, mwenye mwanya wa meno kama wa Lynn. Shela haikuwepo. Kiti cha kulia kilikuwa kitupu.

"Angalia Joab wangu. Hata hajazeeka," Aunti akasema, analia huku anacheka. "Chapisha. Na mtoto asijue."

Nikachapisha. Nikaitia kwenye fremu mimi mwenyewe, kwa mikono hii.

Jumamosi, Lynn aliikumbatia ile fremu mpaka wapiga picha wakamngoja. Aunti alicheza mpaka kisigino cha kiatu kikavunjika, akaazima slipa za bluu za mmoja wa wapishi, akarudi kucheza. Kila mara alipopita karibu na Lynn alimgusa shavu. Mimi sikuweza kula.

Jumapili asubuhi hakuamka.

Programu yake sikuiandika. Niliikuta tayari kwenye diski, mpaka nyimbo. Nikaichapisha nikiwa nimefumba macho nusu, kisha nikaizika diski nyuma ya duka.

Wiki iliyopita Lynn alikuja na ile fremu. Akaiweka juu ya meza yangu.

"Judy, hapa Mama ulimweka lini?"

Fremu haikuwa imefunguliwa. Gundi niliyopaka nyuma bado ilikuwa nzima. Aunti Phelis alikuwa ameketi kwenye kiti cha kulia, amemshika Joab mkono, na miguuni alikuwa na slipa za bluu.

Nilichapisha picha hiyo Jumatano. Lynn bado anangoja nimjibu.