Nyamizi Alipolala Mferejini

Enzi zile misafara ya pembe na chumvi ilipokata mbuga za bara, hakuna mtemi aliyeogopwa kama Shigela wa Usengwe. Alivaa ngozi ya simba begani na kombe jeupe la baharini kwenye paji la uso, na nyuma yake walitembea askari mia nne wenye mikuki na magobori. Miji minane ilimfungulia lango. Wa tisa, Igalamo, ulikataa, naye akauzingira.

Boma la Igalamo lilijengwa kwa magogo ya mninga, na Shigela hakutaka kujichosha nalo. Aliamuru uchimbwe mfereji wa kuyapeleka kando maji ya chemchemi iliyowanywesha watu wake, mji ufe kwa kiu. Asubuhi ya siku ya tano zilibaki hatua kumi tu mfereji uifikie, na bomani, ambako maji yalikuwa ya kuibia usiku chini ya mikuki ya walinzi, watoto walikuwa wakilamba umande kwenye majani ya maboga.

Humo aliishi Nyamizi mfinyanzi, mwanamke mfupi mwenye maneno marefu. Aliolewa pale akitoka kwa Wakimbe, watani wa ukoo wa Shigela tangu mababu. Na utani wa siku hizo haukuwa mchezo: mtani alikutukana usikasirike, akachukua kuku wako usidai, na ole wako umwage damu yake.

"Mke wangu, wale wanaua," mumewe Mihambo alimsihi langoni.

"Wanaua, lakini wamelelewa," akajibu, akatoka.

Akaenda moja kwa moja mferejini, akajilaza chali mbele ya majembe. "Mwiteni mtumwa wangu Shigela! Mwambieni Mkimbe kaingia kaburini!"

Majembe yakasimama hewani. Kila mtu alijua kwamba mtani akiingia kaburini hatolewi kwa mkono; hukombolewa kwa anachokitaka. Shigela akaja akifoka, lakini aliposikia jina la Wakimbe akaanza kupatana bei.

"Toka, mwanamke mchafu! Nakupa mbuzi wawili."

"Mbuzi si wewe? Nani kakuvika ngozi ya simba? Simba wa watu kafa kwa aibu!"

Askari wakauma midomo. Shigela akapandisha: ng'ombe, kisha nguo za kaniki bunda zima. Nyamizi akakataa vyote, akahamia kwenye masikio yake, mwendo wake, na jinsi mama yake alivyomkimbia alipomzaa. Jua lilipofika utosini, mashujaa mia nne walikuwa wameshika mbavu na wachimbaji wamekalia majembe yao. Wako watakaosema jeshi halishindwi kwa kicheko. Hao hawakumsikia Nyamizi.

"Taja unachotaka," Shigela akasema, akijifuta machozi.

Hapo Nyamizi hakucheka tena. "Nina wajukuu watatu mle ndani, mtani wangu. Mdogo hana hata machozi ya kulilia. Rudi kwenu, uwaachie maji yao."

Shigela akageuka kulitazama boma. Moyo ulimuuma, lakini fahari nayo ilimuuma. "Nikirudi mikono mitupu watanidharau."

"Nani kakwambia urudi mikono mitupu? Utani ni wa pande mbili. Nawe chukua changu."

Basi lango likafunguliwa, Shigela akamnyang'anya vyungu vyake vyote, vidogo kwa vikubwa, hata asibakishe cha kupikia ugali. Alasiri ile jeshi lililotisha nchi nzima likaondoka kwa nyimbo, vyungu kichwani na magobori kwapani, huku wanawake wa Igalamo wakikimbilia chemchemi kwa vifijo.

Miaka ikapita, akatawazwa mtemi mpya wa Igalamo. Kwa desturi, msimulizi wa ikulu alisimama kuwataja mashujaa wa mji, kila mmoja na silaha yake: mwindaji na upinde wake, mhunzi na nyundo yake, mganga na kibuyu chake. Alipofika kwa Nyamizi akakwama. Mwanamke huyo hakuwahi kushika hata kisu cha vita.

Kutoka nyuma ya umati ikasikika sauti ya mzee Mihambo, aliyekwisha kukaa naye nyumba moja miaka arobaini.

"Sema mdomo, bwana! Nani aujue kuliko mimi?"