Geti Lenye Samaki Wawili

Fundi wa kuchomelea vyuma alikuwa mzee wa kanisa, tena wa kujituma. Jumatatu kamati, Jumanne kwaya, Jumatano wagonjwa, Alhamisi maombi. Akitoka karakana hunawa, hubadilisha shati, huyoo kanisani. Nyumbani alikwenda kulala.

"Mke wangu, Bwana ananituma," husema.

"Msalimie," hujibu mkewe.

Jumamosi moja asubuhi kamati ya kutembelea familia ilikutana. Mwalimu wa watoto, bibi mshona nguo, alileta orodha. Alikuwa amewauliza watoto ni nani nyumbani kwao hakuna baba. Majina hakuandika, asije akawaaibisha. Aliandika nyumba tu.

Fundi akasoma kwa sauti ya mimbarini. Nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Wanaume wengine hawana haya," alisema, akafungua ukurasa. "Nyumba ya nne. Msichana wa miaka saba. Geti la bluu lenye samaki wawili wa chuma. Mtoto anasema, kwetu hakuna baba, kuna shati lake tu..."

Akaishusha orodha. Samaki wale aliwachomelea kwa mikono yake.

"Endelea, mzee," alisema katibu. "Huyo naye ni baba wa namna gani?"

Fundi alitazama viatu vyake. Masikio yalimwaka moto.

"Ni kwangu," alisema.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Kikao kilipoisha, alimfuata bibi nje. "Mama, si ungeniambia pembeni?"

"Nilikuja kwako mara mbili. Hukuwapo."

Fundi akaketi kwenye ngazi za kanisa.

"Kuwa baba nako ni wito, mwanangu," alisema bibi. "Uzee wa kanisa tulikupigia kura, na kesho tunaweza kumpigia mwingine. Ubaba amekupa Mungu. Huo hauna naibu."

"Sasa nifanyeje?"

"Kula na wanao. Waulize siku yao ilikwendaje, usikilize mpaka mwisho. Sali nao, maneno machache. Na uombe msamaha. Baba hapungui kwa hilo."

Alirudi nyumbani mchana ule ule. Binti yake akafungua geti, akashangaa.

"Baba, umesahau nini?"

Fundi alichuchumaa. Akamshika mkono.

"Nimekusahau wewe, mama. Nisamehe."

Aliacha kamati, kwaya na maombi ya Alhamisi, akabaki na wagonjwa wa Jumatano. Jioni ya kwanza alisali kama yuko mimbarini, mpaka mkewe akakohoa. Ya pili alifupisha. Ya tatu binti alimweleza jinsi alivyoogopa hesabu, wakazifanya pamoja.

Baada ya miezi miwili bibi aliwauliza tena watoto, nani anasali nao nyumbani. Msichana wa geti la bluu akanyoosha mkono.

"Baba. Ila anauliza maswali mengi mpaka chakula kinapoa."

Bibi akachukua kalamu, akafuta nyumba ya nne.